Pindi (tuisheni) la jioni Mbagala, Dar es Salaam: nimelipa miezi nane, haya ndo niliyoyaona

Kila nikipita na madaftari jioni lazima kuna mtu ataniuliza, we denti unasoma wapi, pale wanafundisha kweli au wanakula hela tu, ticha wa hesabu anaeleweka? Nimejibu weee mpaka mdomo umechoka, kwahiyo leo naandika yote hapa mara moja, ukiniuliza tena nitakwambia kasome. Jina la sehemu silitaji, pepa langu, yaani mtihani wa taifa, ni Novemba na bado nalihitaji lile benchi.

Kwa wasionijua, niko kidato cha nne shule ya kata, ya serikali, kutwa, nina miaka 17. Pindi nimeanza Januari hii ya 2025 na hadi Agosti nimelipa miezi nane sijaruka hata mmoja. Masomo matatu, hesabu, fizikia na kemia, kila somo 10,000 kwa mwezi, piga mwenyewe utapata 240,000. Kuna wanaolipa 500 kila wakija, wale wa kuingia na kutoka, hao wanakaa nyuma maana mbele ni kwa wenye risiti, na risiti yenyewe ni kikaratasi kimechanwa kwenye daftari kina sahihi ya mtu tunayemjua kwa jina la Meneja basi.

Tuanze na jengo. Jengo hamna, ni banda. Nguzo za miti, bati juu, pembeni wamezungushia mabati yaliyotumika na upande mmoja turubai limechanika, mabenchi marefu hayana meza unaandikia magotini, na ubao ni plaiwudi iliyopakwa rangi nyeusi ambayo pale katikati imeshachubuka, kwahiyo ticha akiandika 8 katikati wewe uliye nyuma unaona 3, na kuna siku benchi zima la nyuma tulifanya swali la watu wengine kabisa kwa sababu hiyo. Mvua ikija hamna kusoma, bati linapiga kelele mpaka ticha anaweka chaki mfukoni anatuangalia tu na sisi tunamwangalia. Umeme ukikatika tunawasha tochi za simu, zile simu ambazo shuleni ukikutwa nayo unaitiwa mzazi. Choo sitaki kukiongelea, wasichana tunajibana hadi nyumbani.

Siku ya hesabu niliwahi kuhesabu vichwa nikapata 83 nikaacha maana wengine walikuwa wamesimama nje wanachungulia kwenye tundu la turubai. Hao wa nje hawalipi. Meneja anawafukuza, ticha anajifanya hajawaona.

Nje kuna bango. Aisee lile bango. Picha ya mtoto wa kizungu amevaa joho, afu maandishi makubwa NYUMBANI KWA MA-T.O. Sasa T.O. ni Tanzania One, yule wa kwanza nchi nzima, na NECTA wenyewe, Baraza la Mitihani, waliacha kutangaza shule bora na wanafunzi bora tangu matokeo ya 2022 yaliyotoka Januari 2023, sijui hawa ma-T.O. wao wamewatolea wapi, labda wana NECTA yao huko nyuma ya choo. Nilimuuliza Meneja, akaniambia we mtoto una maneno mengi, soma. Haya.

Sasa kufundisha, ndo mnachotaka kujua.

Kuna maticha wawili wa hesabu na hapa ndo watu wengi mnaibiwa maana mnalipa hela ileile mnaingia siku tofauti. Wa Jumatatu na Jumatano ni mwalimu aliyeajiriwa, anafundisha shule moja ya huku huku, na sio mbaya, ana haraka tu, anakuja na pepa za nyuma anaandika swali anasolve anafuta, swali anasolve anafuta, mkimwambia hatujaelewa anasema hili limetoka mara tatu, lishikeni lilivyo. Na kweli ukilishika lilivyo na likatoka lilivyo unapata. Mi simlaumu sana, mtu ametoka kazini saa tisa na nusu hajala anakuja kusimama mbele ya watu 80.

Wa Jumanne na Alhamisi ni kijana, amemaliza chuo ualimu wa hesabu na fizikia miaka mingi imepita ajira hana, asubuhi anaendesha bodaboda ya mtu, jioni anakuja kwetu mikono bado ina grisi. Shikamoo hataki, anasema mnanizeesha, tunamwita Ticha tu. Huyu ndo amenifanya niandike hii kitu.

Nitawapa mfano mmoja muone. Topiki ya linia programingi. Shuleni tulishafundishwa mwezi wa pili, kwa Kiingereza chote, ubao ulijaa, tukanakili, mwalimu akauliza mna swali, kimya, akatoka. Mi nilielewa neno moja moja, nikajua kuna kitu kinatakiwa kiwe kikubwa na kuna vitu vinakizuia, ila ni kitu gani na kinazuiwa na nini sikujua na wala sikujua niulize vipi, kwa sababu ukitaka kuuliza lazima uulize kwa Kiingereza na Kiingereza changu cha kuuliza kilikuwa hakifiki huko.

Ticha wa Jumanne alikuja akafuta ubao wote akachora karai. Karai kweli, la kukaangia. Akasema mnamjua mama anayeuza maandazi na chapati? Tukacheka, nusu yetu ndo mama zetu hao. Akasema mama ana unga kilo 8 na mafuta lita 2 na nusu, basi, hana kingine. Trei moja ya maandazi inakula unga kilo 1 na mafuta nusu lita, trei moja ya chapati inakula unga kilo 2 na mafuta robo lita. Trei ya maandazi inampa faida 2,000, ya chapati 3,000. Apike trei ngapi za nini ili apate hela nyingi? Mtu wa nyuma akapayuka apike chapati tupu si ndo zina faida! Ticha akasema haya tumpikie chapati tupu, unga unaisha kwenye trei ya nne, 12,000, na mafuta lita moja na nusu yamebaki yanamwangalia. Mwingine akasema basi maandazi tupu, tukapiga, mafuta yanaisha trei ya tano, 10,000 tu na unga umebaki kilo 3. Banda zima likawa linabishana, mi nakwambia watu 80 wanabishana kuhusu mafuta ya kula saa moja usiku. Ndo akachora grafu, mstari mmoja akauandika UNGA, mwingine akauandika MAFUTA, kwa Kiswahili hivyohivyo, akatuonyesha zinapokutana, maandazi trei 4 chapati trei 2, 14,000, unga umeisha na mafuta yameisha siku moja. Baada ya hapo ndo akafuta neno UNGA na MAFUTA akaandika yale maneno ya Kiingereza ya kwenye mtihani, akasema sasa pepa litakuja limevaa suti, msimsahau mtu aliye ndani.

Nilirudi nyumbani nikamkuta mama anakanda. Nikamuuliza lile swali lilelile, sikumwambia ni hesabu. Hakusimama kukanda, akasema nne na mbili. Nikaduwaa. Akaongeza, lakini maandazi trei nne hazinitoshi wale wa asubuhi wa pale kituoni, mi ningemkopa mafuta mama wa jirani nikamlipa jioni. Alhamisi nikampelekea Ticha jibu la mama, akacheka mpaka akaegemea ubao, akasema mama yako amesogeza mstari wa mafuta, mwambie hiyo ni topiki ya chuo.

Mama yangu aliishia darasa la saba.

Sasa nikawa nafikiria njiani, hivi mi nalipia nini hasa pale? Kwa sababu kitabu ni kilekile, mada zilezile, tena vitabu vya Taasisi ya Elimu siku hizi vipo bure mtandaoni ukiwa na bando unasoma. Ubao wa shuleni ni mzuri kuliko ule, shuleni kuna meza, kuna madirisha. Nikagundua nalipa 10,000 nielezewe kwa Kiswahili. Ndo hivyo tu jamani. Nalipa niruhusiwe kusema Ticha hapo sijaelewa, kwa lugha niliyoamka nayo, na mtu asicheke.

Shuleni kwetu kuna kibao. Kipande cha mbao kina kamba, kimeandikwa kwa Kiingereza kwamba mimi ni mzungumza Kiswahili, ukikutwa unaongea Kiswahili unavalishwa shingoni unakaa nacho mpaka umkamate mwenzio. Nimekivaa mara tatu mwaka huu. Mara ya tatu nilikuwa namwelekeza rafiki yangu swali la kemia, ndo nilikuwa nafundisha hivyo, nikavalishwa. Na mwaka huu tarehe 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani, ile ambayo UNESCO waliipitisha 2021, nilikuwa naona kwenye simu ya kaka watu wazima wamevaa vitenge wanasema Kiswahili ni utajiri wetu, Kiswahili kinaenda dunia nzima. Sawa kiende, ila kikipita shuleni kwetu kijiandae kuvaa kamba.

Najua mtanijia juu, eti bila Kiingereza utapata kazi wapi. Sijasema nisifundishwe Kiingereza, nakitaka tena sana, ningependa hata kuota kwa Kiingereza. Ninachosema ni kwamba kukisoma Kiingereza ni kitu kimoja na kusomeshwa fizikia kwa Kiingereza ambacho hujakisoma vizuri ni kitu kingine, miaka saba ya msingi unasoma kwa Kiswahili afu Januari moja unaamka unaambiwa kuanzia leo fotosinthesisi kwa lugha nyingine. Ticha alituambia sera ya 2014 ilisema Kiswahili kitatumika ngazi zote, haikutekelezwa, na hii ya toleo la 2023 iliyozinduliwa Dodoma mwanzoni mwa mwaka huu sekondari imebaki Kiingereza. Mi sera sijazisoma, nasoma ubao.

Na msiseme ni mimi tu sina akili. Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka jana, yale yaliyotoka Januari, ufaulu wa jumla ulikuwa asilimia 92 na ushee, watu wakapiga makofi, lakini hesabu waliopata kuanzia D ni kama robo tu ya waliofanya, na D inaanzia 30. Yaani ukichukua benchi letu la watu wanane, wawili ndo wanavuka 30. Hao sita wote hawana akili? Wale wa nje wanaochungulia kwenye turubai je?

Hela. Mnaosema elfu kumi ni ndogo hamjamwona mama akitoa elfu kumi. Ananipa sarafu za mia tano tano zinanukia mafuta na ananihesabia mara mbili. Ada ya serikali haipo tangu 2016, hilo nashukuru na sitalibeza maana bila hilo mdogo wangu na mimi tusingekuwa shule kwa wakati mmoja, na kidato cha tano na sita nako walifuta tangu 2022. Lakini kuna rimu, kuna hela ya mlinzi, kuna hela ya kambi ya masomo, kuna majaribio ya kila Ijumaa ya kutoa fotokopi, halafu ndo pindi. Nilikaa na mama siku moja tukaandika vyote, akaniambia funga hilo daftari. Na kuna siku mwenzetu aliyeshindwa kutoa ya kambi alirudishwa nyumbani, tukabaki na kiti kitupu kwenye shule ya bure.

Usafiri pia uwekeni kwenye bajeti, si kwa hela, nauli ya mwanafunzi ni 200, ila kwa muda na heshima yako. Konda akiona sare anasimama mlangoni kama kipa. Denti mmoja tu! Tuko kumi na tano. Mi nimeshajifunza kuvaa sweta juu ya sare nikitoka shule kwenda pindi, nikishaingia ndani ndo natoa 200 yangu, konda ananitukana, abiria mmoja mama mtu mzima lazima atanitetea, anamwambia konda na wewe una watoto, tunafika. Kila siku igizo hilohilo, wanabadilika waigizaji tu.

Sasa mabaya, maana msije mkasema nimelipwa.

Kwanza pepa. Mwezi wa saba kabla ya mock, ule mtihani wa majaribio, kuna mtu hapo bandani, si ticha, ni wale wa kukusanya hela, alianza kunong'oneza kuwa mock imevuja, anayo, 5,000 kwa mtu, anakutumia WhatsApp. Rafiki yangu akatoa. Mi sikutoa si kwa sababu ni mwema, sikuwa na 5,000. Tukakaa usiku kucha kwa simu ya kaka yangu tukilisolve lile pepa, kesho yake tukaenda kwenye mtihani hamna hata swali moja, na baadaye Ticha alipoliona akalitambua, lilikuwa ni pepa la miaka ya nyuma limebadilishwa tu ukurasa wa mbele. Rafiki yangu alienda kudai hela yake, akaambiwa kama unataka tukuripoti kwamba ulinunua mtihani sema. Kimya. Kwahiyo akina dada na akina kaka, yeyote atakayekwambia ana pepa la Novemba mwambie akafanye yeye.

Pili usiku. Pindi linaisha saa mbili kasoro, kutoka pale hadi barabara ya lami kuna kichochoro hakina taa. Tunatembea kundi. Na kuna mmoja wa wahusika wa pale bandani ana tabia ya kuomba namba za wasichana eti awaunge kwenye grupu la masomo, grupu lenyewe lina watu wawili, wewe na yeye. Tulimwambia Ticha wa Jumanne, akaenda kumkalisha chini, amepunguza, hajaacha. Mzazi ukimpeleka binti mwambie hilo kabla ya kumpa hela ya pindi, na Meneja ukimwambia akakujibu kwamba watoto wa siku hizi ndo wanajitongozesha, kama alivyomjibu mama wa mwenzangu, ujue umefika sehemu ya kubishana kwa sauti kubwa. Mama wa mwenzangu alibishana, hadi watu wa saluni walitoka kuangalia.

Tatu kelele, ila hii si kosa lao. Tangu kampeni zianze mwishoni mwa Agosti gari la matangazo linapita pale kona saa kumi na mbili na nusu kila siku, mziki juu, linasimama maana barabara ni mbovu. Spika zinasema elimu, elimu, elimu, na sisi ndo tunashindwa kumsikia Ticha. Mi Oktoba sipigi kura, sijatimiza 18. Mwenzangu mmoja ametimiza, anaulizwa na kila mtu atampa nani, anasema atakayelipeleka lile gari mtaa wa pili.

Kitu kingine kizuri nisichotegemea kukiona pale. Kuna dada anasoma na sisi ana mtoto wa mwaka na nusu. Alipata mimba kidato cha pili, akajifungua, akarudi shule, maana tangu Novemba 2021 serikali iliruhusu, zamani ndo ilikuwa basi tena. Shuleni amerudi kweli ila anasema darasani kuna maneno, hata walimu wengine wakimtaja wanasema yule mama. Pale bandani anakuja na mtoto mgongoni, mtoto akilia anatoka nje anasimama na wale wa kwenye turubai anaendelea kuandika akiwa amesimama. Ticha siku moja alimchukua yule mtoto akambeba akafundisha kipindi kizima cha vekta naye begani, chaki mkono mmoja. Meneja hakupiga picha ya bango siku hiyo.

Wengine mtasema pindi la nini siku hizi, akili mnemba si ipo. Nimejaribu, kwa simu ya kaka, bando likiwepo. Ukiiuliza swali la fizikia inakujibu Kiingereza kirefu kizuri kama hotuba, nikatoka nilivyoingia. Siku moja nikaiandikia nielezee kwa Kiswahili cha kawaida, ikanielezea, kuna sehemu ilichapia, maneno mengine sijui iliyatoa wapi, ila nikaelewa nguvu ya kuelea ni nini. Nikacheka mwenyewe, hata mashine imekubali kuniongelesha Kiswahili bila kunivalisha kibao. Lakini haikuulizi kwa nini umekosa, na haioni kwamba umenyamaza kwa sababu umeelewa au kwa sababu umekata tamaa. Ticha anaona, anakuja mpaka benchi la nane anasema we mbona umenuna.

Matokeo yangu, maana mwisho wa siku mnataka namba. Hesabu mtihani wa Machi nilipata 19, yaani F iliyonyooka. Mock 47, C, na 45 ndo inapoanzia, nimeingia kwa kujibana mlangoni kama kwenye daladala ila nimeingia. Kemia 66, B. Fizikia 41, D, na hilo ni la kwangu, ticha wa fizikia ni mzuri ila pale hamna maabara, praktiko anatuchorea ubaoni, anasema hapa unaona rangi inabadilika na sisi tunasema tunaona. Shuleni maabara ipo, vifaa ndo tunagombania, zamu ikifika kwako kengele imelia.

Kama wataka nyota, banda nyota moja, usalama moja na nusu, ticha wa Jumatatu tatu, ticha wa Jumanne tano na ningempa ya sita kama zingekuwepo. Mkijumlisha mtapata mnachopata, mi kwa 10,000 nimeridhika na nimekasirika kwa pamoja. Nimeridhika kwa sababu nimeelewa, nimekasirika kwa sababu hiki nilichouziwa jioni ningeweza kupewa asubuhi, na ninawafikiria ambao mama zao hawana karai.

Na mdogo wangu. Yuko darasa la nne, wao kwa mtaala mpya msingi wanaishia la sita mwaka 2027, pamoja na darasa la saba wa mwaka huo, kwahiyo Januari 2028 wataingia kidato cha kwanza makundi mawili mara moja. Kwenye mabenchi yapi sijui. Meneja keshajua, ameanza kuweka nguzo za banda la pili.

Sasa la mwisho, na hili ni la haraka kwa wanaotaka kujiunga. Ticha wa Jumanne alikuwa kwenye ule usaili wa walimu ulioanza Januari, nafasi 14,648 na walioomba zaidi ya 200,000, yeye na digrii yake na grisi yake walikuwemo humo. Alishasahau. Alhamisi iliyopita amekuja na karatasi, amepata, amepangiwa Katavi. Tulipiga kelele hadi watu wa saluni wakaja tena, wasichana wakalia, wavulana wakajifanya vumbi limeingia machoni, akatuacha tukamaliza, akasema haya, matriki. Nikamuuliza huko Katavi utafundisha kwa lugha gani, akaniangalia kidogo, akasema asubuhi nitavaa suti, jioni tutaona.

Amebakiza Jumanne mbili na Alhamisi mbili. Ameahidi kumaliza vekta na kurudia takwimu, na Alhamisi ya mwisho anafanya maswali ya watu, chochote kile, na wa nje wote waingie ndani hata Meneja akasirike. Njooni mapema, kaeni benchi la tatu kushoto maana upande wa kulia bati linavuja, na karatasi za grafu nunueni stationari ya pale kituoni, bandani wanauza moja 200.